Mchoraji Aliyelikataa Jua la Jioni

Nianze na ubaya wake, maana sifa zake zimeshasemwa sana na watu ambao hawakuwahi kumsubiri. Mchoraji alikuwa mwongo. Ukimkuta anakula, atakuambia amefunga. Ukipanga naye asubuhi, atakuja jioni na malaria ya kusingizia, anakohoa kifua ambacho hakina neno. Alipenda kutusimulia jinsi alivyoishi Ulaya. Mke wake, aliyekuwa akikaanga mandazi mbele ya mlango wao, akisikia hadithi hiyo alikuwa anasonya na kusema, "Ulaya gani? Aru tu, hapa mupakani, njo alifika, na kule pia alirudi mbio."

Kitu kimoja tu hakukidanganya, nacho ni mwanga. Hapo aligeuka mtu mwingine, mgumu, mkali, wa kuudhi. Tulipakana ukuta wa mabati huko Nyakasanza, mjini Bunia, yeye na karakana yake ya picha, mimi na kibanda changu cha vitenge, kwa miaka ambayo watoto wangu walikua wakaolewa. Hadi leo sijui kipi kiliniumiza zaidi, uongo wake au ukweli wake.

Alizaliwa wapi na ni mtu wa kabila gani, sitasema. Huku kwetu maswali hayo yameua watu, na yeye mwenyewe aliyajibu kulingana na sura ya anayeuliza. Watu walimwita Artiste. Mimi nilimwita Muzee hata kabla hajazeeka, kwa sababu ya ule ukaidi.

Alichora juu ya magunia ya unga wa ngano. Aliyafua, akayapigilia misumari kwenye fremu za mbao zilizotoka Mambasa, akayapaka uji mzito wa muhogo uliochanganywa na rangi nyeupe ya ukutani, kisha akayaanika uani. Mbwa wa mtaa walikuja kuyalamba na mke wake aliwafukuza kwa mwiko. Gunia likiwa halikufuliwa vizuri, maandishi ya kiwanda yalijitokeza polepole. Mzee mmoja wa kanisa alirudisha picha yake kwa hasira kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kutangaza unga. Mchoraji alimwambia kwamba huo ni mtindo mpya, wanaufanya sana Ulaya.

Hakuchora simba, hakuchora Yesu, hakuchora msichana mwenye mtungi kichwani. Alichora ufuko wetu wa Ziwa Albert na basi: mchanga, mitumbwi iliyovutwa juu, nyavu, samaki wadogo waliotandazwa wakauke, na akina mama walioinama juu yao. Na samaki wenyewe hakuwala. Harufu yao ilimtapisha. Alikuwa anashuka ziwani nyuma ya lori za wafanyabiashara wa samaki, kitambaa kimefungwa puani, na ufukoni alikaa mbali na maji kwa sababu aliogopa pia kuzama. Kama ungemwona huko usingeamini kwamba mtu yule hafikirii kitu kingine usiku na mchana.

Siku moja wavuvi walimfukuza. Alikuwa na desturi ya kulipa ziwa mgongo, akainama na kulitazama kati ya miguu yake mwenyewe, kichwa chini. Alisema mambo yakipinduliwa, jicho linaacha kuona mtumbwi na mtu, linaanza kuona giza liko wapi na mwanga uko wapi. Wavuvi waliona kitu kingine kabisa: mwanamume mzima anayaonyesha maji makalio asubuhi mapema, mitumbwi ikiwa bado haijarudi. Siku hiyo wavu ulipanda mtupu. Walimtimua na makasia, na kiongozi wao akapiga kelele, "Weye unatukania maji, na siye tutakula nini?" Alirudi Bunia na goti lililochubuka, akatuambia amepigana na kiboko.

Wachoraji wengine wa mjini walianza na mbingu. Yeye alianza na kivuli. Alipaka giza lote kwanza, siku nzima giza tu, hadi picha ikaonekana kama gunia lililoungua, na mahali pa mwanga alipaacha peupe. "Mwangaza haupakwake," alikuwa anasema. "Unauachaka." Akishasema hivyo alikuwa anajitazama kwenye kioo kidogo alichotundika mlangoni, kuona kama maneno yamemkaa vizuri.

Vitenge vyangu aliviazima bila kuniomba. Alikuwa akichukua kimoja kwenye kamba, anatembea nacho hadi mwisho wa kichochoro, anakinyanyua juu.

"Unaona nini?"

"Naona ndege," nilimjibu. Kitenge chenyewe kilikuwa cha ndege.

Akarudi nyuma tena hadi barabarani. "Na sasa?"

"Rangi tu."

Akaingia kwenye kivuli cha lori lililosimama. "Na sasa?"

Nilikaza macho. "Mistari. Weusi na weupe kidogo."

"Basi mbona munataka nichore ndege? Ndege iko mu kichwa yenu."

Kitenge kilirudi na alama ya kidole cha rangi ya buluu kwenye pindo, nikamtukana mchana kutwa. Lakini tangu siku ile siwezi kumwona mwanamke akipita mbali bila kuangalia kilichobaki cha nguo yake. Huo ni ugonjwa alioniachia bure.

Sasa nieleze habari ya jua, maana hapo ndipo yote yalipoharibikia. Anayelijua ziwa letu anajua kwamba upande wetu jua hutoka majini, kutoka Uganda, na jioni huzama nyuma yetu, nyuma ya mlima ule mrefu unaoteremka kutoka Bogoro. Ukiwa ufukoni hulioni likizama. Mchana ungali mchana, kivuli cha mlima kinashuka, kinafunika nyumba, kinafunika mchanga, kinaingia majini na kuanza kuvuka. Wewe umeshapoa, lakini maji ya mbali bado yanawaka, na milima ya ng'ambo ni ya njano kabisa. Mimi nimezaliwa kule. Saa hiyo akina mama huwa wanakusanya samaki upesi kabla unyevu haujawarudisha ubichi. Hakuna jua kubwa la rangi ya chungwa linalozama ziwani. Halijawahi kuwepo.

Lakini wateja walilitaka hilohilo. Wageni wa mashirika walilitaka, maharusi walilitaka, watu wa Bunia waliozaliwa Bunia na hawajawahi kushuka ziwani walilitaka kuliko wote. Alipokuja mtu mmoja aliyekuwa anajenga hoteli kubwa, akaagiza picha ya kujaza ukuta mzima wa ukumbi wake, mke wa mchoraji aliacha mandazi yakaungua.

"Nataka jua inazama mu maji," alisema yule mwenye hoteli. "Nyekundu, kubwa. Wageni banapenda vile."

"Haizamake mule," alijibu mchoraji.

"Ni picha tu, Muzee."

"Uende basi kwa mwenye kuchora picha tu."

Mwenye hoteli aliondoka, na mke akalia mbele yetu sote, aproni usoni. Nilimwambia mchoraji ampe jua la asubuhi na afunge mdomo, nani atajua? Alinitazama kama nimemwambia aibe kanisani. "Asubuhi bamama wanatandaza samaki. Jioni wanaokota. Mikono haifanane." Halafu akaenda kwa jirani kuomba sukari, akamwambia mkewe amelazwa.

Nilicheka wakati ule. Nilidhani ukaidi wake ni kitu cha kuchekesha, kitu cha watu wengine.

Wakati wa vita mama yangu alikuwa amekimbia kutoka kule ziwani pamoja na mimi na watoto, na nguo aliyokuwa amevaa ndiyo aliyofika nayo Bunia: kitenge cha buluu chenye feni za njano. Nyumba yetu ilichomwa, na mitumbwi pia. Hatukuwa na picha hata moja ya mahali petu, nani alipiga picha kule? Miaka ilipita, magonjwa yakampata, akawa mtu wa kitanda karibu na dirisha ambalo lilitazama ukuta wa mabati. Siku moja akaniomba nimwite jirani.

"Artiste," alimwambia, "mi sitarudiya kule tena. Unichoreye kwetu. Saa ya kuokota samaki, kivuli ya mulima ikishakuya."

Mchoraji alivua kofia. Sikuwahi kumwona akivua kofia kwa mtu. Alikaa chini sakafuni, akamwita Koko, yaani bibi.

"Koko, maji ilikuwa namna gani saa ile?"

Mama alifumba macho. "Ya karibu ilikuwa inanyamaza," alisema. "Ya mbali ilikuwa inacheka bado."

"Njo vile!" Mchoraji alipiga paja lake. "Njo vile kabisa, Koko!"

Walizungumza hadi sauti ya mama ikaisha. Alimuuliza ufuko ulipinda wapi, mitumbwi ilitazama upande gani, yeye mwenyewe aliinamaje. Akaondoka na kitenge cha feni ili akiangalie kivulini. Nilimpenda siku hiyo, nakiri, na mama alikula ugali wote.

Kisha tukaanza kusubiri. Kila jioni mama aliuliza, "Artiste amemaliza?" na kila jioni nilizunguka ukuta kwenda kuuliza. Picha, kubwa kama mlango, ilikuwa imegeuzwa uso ukutani. Mara rangi nyeupe imekwisha, mara mkono unauma, mara amefiwa na mjomba ambaye alikuwa ameshamfisha mwaka uliopita. Mwisho nilichoka, nikamsukuma, nikaigeuza picha mwenyewe.

Alikuwa yeye. Mama yangu, mgongo wake, ameinama kidogo upande wa kulia kama alivyoinama sikuzote kwa sababu ya ule mguu, mkono unakusanya samaki kuelekea kifuani. Feni hazikuwepo, kivuli kilizila, imebaki mistari hafifu juu ya buluu iliyolala, na bado ungekijua kitenge kile popote. Mchanga ulikuwa wa jioni. Niliona baridi miguuni. Ni ukanda wa maji tu, kule juu, uliokuwa bado mweupe mtupu.

Nililia. Nikamwambia, "Muzee, peleka vile iko. Mama aone."

"Bado maji."

"Weka rangi yoyote. Mama anakufa."

"Ile maji ya mbali siijue vizuri. Barabara imefungwa, siwezi kushuka kuiona. Nikiweka maji ya bongo, ya uongo, atakufa na bongo."

Hapo ndipo nilipompasukia. Nilimwambia amedanganya mji mzima, amewadanganya wachungaji, amemdanganya mkewe, amezika mjomba mmoja mara kadhaa, kwa nini ashindwe kumdanganya kikongwe mmoja kwa ukanda wa maji tu? Hakukasirika. Alisema polepole, "Ni yeye tu njo atajua."

Na barabara kweli ilikuwa imefungwa. Siwezi kumlaumu kwa bunduki za watu. Namlaumu kwa sababu mama alikuwa haoni vizuri tena, angeliona rangi yoyote ya njano akasema ndiyo hiyo, akalala. Alikufa akitazama mabati. Siku yake ya mwisho aliuliza swali lilelile, nami nikamjibu kwamba picha inakauka. Kwa hiyo uongo ulisemwa hata hivyo, ila niliusema mimi.

Mchoraji alikuja matanga. Alikaa nyuma, alikula vizuri, alirudia nyama. Wakati wa kuondoka aliniletea kitenge cha mama kimekunjwa, kisafi, nguo pekee aliyowahi kunirudishia bila doa, akaninong'oneza sikioni, "Barabara ilifunguka. Niliona maji. Sasa picha imeisha." Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, watu wakanishika mikono. Baadaye hasira iliposhuka kidogo nilimtuma binti yangu akaichukue picha. Akajibiwa kwamba Muzee ataileta mwenyewe, wiki hii hii.

Hakuileta. Mke wake alimkimbia, akarudi kwao Fataki na sufuria yake ya mandazi, na mchoraji akahama bila kuaga. Wengine walisema yuko Mudzipela, wengine walisema amevuka kwenda Uganda. Niliuliza sokoni, niliuliza kanisani. Nilitaka ile picha kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa nimeshapasafishia ukuta, mkabala na dirisha, mahali ambapo mwanga hauipigi moja kwa moja. Yeye ndiye aliyenifundisha hayo.

Mwaka jana mpwa wangu aliolewa, na sherehe ilifanyika katika ile hoteli kubwa. Niliingia ukumbini na viatu vinanibana, natafuta meza yetu, nikamwona mama yangu ukutani.

Mgongo uleule. Mguu uleule. Mchanga wa jioni, mitumbwi inayotazama kaskazini, mistari ya kitenge. Na juu yake, katikati ya maji, jua kubwa la rangi ya chungwa, limezama nusu, na njia nyekundu inakuja juu ya mawimbi hadi karibu na mikono yake. Watu walikuwa wamepanga mstari kupiga picha pale. Mpigapicha aliwasimamisha maharusi katikati ili jua litokee kati ya vichwa vyao, na gauni la bibi harusi likamfunika mama mzima. Sikula chochote siku hiyo. Walidhani nimefurahi sana kwa ajili ya mtoto.

Nilirudi mchana wa siku chache baadaye, nimejipanga kuzungumza na mwenye hoteli, ikibidi nimpigie magoti aniuzie. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Mbele ya picha kulikuwa na ngazi, na juu ya ngazi mzee aliyekonda, shati limemning'inia, brashi mkononi. Rangi ya jua ilikuwa imefifia, wamemwita aikoleze.

"Muzee," nilisema.

Aligeuka polepole. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu mweupe. "Mama Neema," alisema, kana kwamba tumeachana jana. "Umenona."

"Nani aliweka hii jua?"

"Miye."

"Balikulazimisha?"

Nilisubiri aseme alikuwa mgonjwa, au alifungwa, au wezi waliingia. Nilitaka adanganye. "Hapana," alisema. "Patron wa hoteli alisema bila jua hataitwaa. Muke yangu alishaenda. Nilichoka kushika ukweli peke yangu."

"Mama yangu alikuomba maji tu. Alikuwa anakufa, na ukamwambia bado, bado. Kwake ulikuwa na ukweli mingi sana. Kwa huyu wa hoteli bongo ilitoka wapi?"

Nikamwambia basi aliondoe. Niko tayari kusema na patron, niko tayari kuuza kibanda changu, aliondoe tu jua lile, maji ya mama yatoke chini yake.

"Hakuna kitu chini," alisema. "Niliikwangula na kisu. Rangi ya zamani ingetokeza mu jua."

"Yote?"

"Yote. Ilikuwa imetoka muzuri, Mama Neema. Ilikuwa inacheka, sawa vile Koko alisema."

Nilivuta kiti kimoja mezani nikakaa. Naye akashuka ngazi, akishikilia kila hatua, akaja kunivuta mkono kwa vidole vya rangi.

"Kuya karibu. Angalia chini ya miguu yake."

Niliangalia. Mchanga, samaki, miguu ya mama.

"Hakuna kitu," nikasema.

"Eeh! Jua kubwa vile mbele yake, na hana kivuli. Mitumbwi pia haina. Patron alisema niweke, nikasema nitaweka, sijaweka. Kila mwaka nasema nitaweka." Alicheka bila sauti, meno machache, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alifanana na mtu niliyemjua. "Mutu wa kule ziwani akifika hapa, akiangalia, ataona ile saa kivuli ya mulima imefunika yote. Atajua jua ni bongo."

Alinitazama, anangoja nimsifu. Niliviangalia viti vilivyopinduliwa, na zulia, na mlango wa vioo, na mlinzi aliyekuwa amenisimamisha nje muda mrefu akiniuliza nimetumwa na nani. Nikawakumbuka watu wa kule ziwani, wale waliobaki, nikiwajua karibu wote kwa majina, na mahema wanamolala.

"Muzee," nilimwambia, "bantu ba kwetu hawalalake mu hoteli."

Akapanda ngazi tena, akachovya brashi kwenye kopo la rangi ya chungwa, akaendelea na kazi aliyoitiwa.